Vilivyotupwa Puge, kwa Nyeusi na Nyeupe

Usianzie jalalani. Puge iko takriban katikati ya barabara ya Nzega na Tabora, na hapa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Unyamwezi, kilichofika jalalani ni kile ambacho fundi, mtoto na muuza skrepa wote wamekikataa: majivu, maganda ya miwa, vipande vya mifuko ya rambo vilivyofukiwa tangu kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku Juni 2019. Vitu vyenye sura viko kwingine. Viko nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, juu ya mapaa ambako tairi zilizoisha zimelazwa ili upepo usiondoke na bati, kwenye ua wa mhunzi, chini ya mwembe ambako sufuria iliyotoboka imejazwa udongo ikaoteshwa vitunguu. Hapa kitu hakitupwi siku moja, kinashushwa cheo. Dumu la mafuta ya kula linakuwa la maji, likichakaa linakuwa la mafuta ya taa, likipata ufa linakatwa ubavu na kuwa chombo cha kulishia kuku, na kipande chake cha mwisho kinaziba tundu la dirisha.

Picha ninayotaka uipige ni ile inayoonyesha vyeo hivyo vyote katika kitu kimoja. Ushauri wote ulioko hapa chini unaitumikia hoja hiyo. Picha ya kopo lenye kutu ambayo haionyeshi kopo hilo lilipitia mikono gani, hata kama imependeza, ni pambo tu.

Sasa, kwa nini tuondoe rangi? Kwa sababu rangi ndiyo inayokuharakisha. Dumu ni la njano, beseni ni la bluu, ndala ni za pinki, na jicho likishaziona rangi hizo linatoa hukumu papo hapo: plastiki, rahisi, chafu, tuendelee. Rangi ikiondoka, hukumu inachelewa. Jicho linalazimika kufuata ukingo, mbonyeo, mshono, mikwaruzo, mahali palipong'arishwa na kiganja. Hayo ndiyo maandishi ya kitu. Usifanye jambo hili kuwa dini, hata hivyo. Kipande cha kanga kilichogeuzwa tambara la kudekia kinaweza kubaki na uzuri bila rangi kama pindo lake bado limekoza, lakini kitenge kilichopauka, ambacho kila kilichobaki ni kivuli cha nyekundu juu ya chungwa, kitakufia mikononi. Kipige kwa rangi au kiache.

Usichanganye kazi hii na ile ya wasanii wanaokigeuza kitu kuwa kingine. Cyrus Kabiru wa Kenya hutengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya, vijiko na vyuma vilivyookotwa Nairobi, na picha zake akiwa amevaa miwani hiyo zimezunguka dunia. Yeye anakipandisha kitu cheo. Wewe unakikuta kilipofikia, unakisoma, unaondoka. Usikioshe, usikipake mafuta king'ae, usikipambe kwa ua la mwituni. Ukikiondoa vumbi la leo umeondoa na la mwaka jana.

Simu uliyonayo inatosha. Ifute lenzi kwa kitambaa safi cha pamba kila mara kabla ya kupiga, maana vumbi la kiangazi pamoja na jasho la kidole huifanya picha ionekane kama imepigwa kupitia moshi. Usivute kwa zumu. Sogea kwa miguu. Simu nyingi za bei nafuu zina lenzi ya pili ya vitu vidogo ambayo ubora wake ni hafifu: iache. Tumia lenzi kuu, kaa umbali wa kama sentimita 30, kisha kata kingo za picha baadaye. Gusa kioo mahali penye mwanga mkali zaidi wa hicho kitu, halafu shusha mwangaza kidogo hadi sehemu nyeupe iwe na umbile. Kivuli kilichoingia giza unaweza kukiokoa baadaye. Bati lililowaka hadi kuwa jeupe tupu haliokoleki.

Usipige kwa mpangilio wa nyeusi na nyeupe uliomo ndani ya kamera kama simu yako haihifadhi picha ya rangi pembeni. Unaweza kuuwasha ili ujifunze kuona, lakini picha ya kuhifadhi iwe ya rangi. Sababu nitaieleza mbele kidogo, nayo inamhusu David Livingstone.

Saa ya jua na saa ya ukutani

Wapigapicha wengi wamesoma mahali fulani kwamba mwanga mzuri ni wa asubuhi na jioni, wakaishia hapo. Puge inahitaji hesabu kidogo. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao hauigusi Tanzania kabisa, unapita Somalia. Puge iko karibu na nyuzi 33. Jua linazipita nyuzi hizo 12 kwa dakika kama 48. Kwa hiyo jua la Puge halifiki juu kabisa saa sita mchana bali kati ya saa sita na nusu, mwezi Novemba, na saa saba, mwezi Februari. Aliyezoea Dar es Salaam atajikuta amewahi kwa dakika kama 25. Asubuhi yako nzuri, mwanga unapolala ubavuni na kila mkwaruzo ukawa na kivuli chake, ni kuanzia saa moja hadi karibu saa mbili na nusu. Jioni ni kuanzia saa kumi na moja hadi jua linapozama, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kutegemea mwezi.

Mwanga huo wa ubavuni ni wa vitu bapa: bati, kizibo cha soda kilichokanyagwa na magari hadi kikazama kwenye lami, soli, sarafu, mlango uliobanduka rangi. Jiweke hivi kwamba jua liko kushoto au kulia kwako, si nyuma ya mgongo wako. Mgongoni linafuta kila kitu.

Mchana usiufukuze. Puge iko kama nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, kwenye saa saba kasorobo, kitu kilichosimama wima hakina kivuli, lakini kitu chenye matundu kinachora. Chujio lililotoboka, wavu wa kuku, bati la kibatari lenye matundu ya misumari, gurudumu la baiskeli lisilo na tairi: viinue sentimita chache juu ya ardhi, na kivuli cha kila kimoja kinaanguka chini yake barabara, spoku kwa spoku. Piga kivuli, sahau gurudumu. Machi inaweza kuwa na mawingu kwa kuwa masika yetu ya huku huanza mwishoni mwa mwaka na kufika Aprili, kwa hiyo Oktoba ndiyo ya kuaminika zaidi. Tatizo la Oktoba ni moshi wa mashamba na mapori yaliyochomwa. Moshi huo unalainisha mwanga kama chandarua, na mimi naupenda kwa vyombo vya mviringo, vyungu na masufuria, ambavyo mwanga mkali huvikata vipande viwili.

Studio iliyoko mlangoni

Mwaka 1972 Mmarekani Irving Penn, aliyejipatia jina kwa picha za mitindo na watu mashuhuri, alivipiga picha vipisi vya sigara vilivyookotwa kwenye mitaa ya New York. Alivichapisha kwa platinamu, vikubwa mara nyingi kuliko vilivyo, na mwaka 1975 Museum of Modern Art ikavitundika ukutani. Waliozoea picha zake za kifahari walishangaa. Cha kujifunza kwake si ujasiri wa kuokota vipisi bali jinsi alivyoviweka: nyuma hakuna kitu. Hakuna barabara, hakuna jalala, hakuna hadithi ya huzuni ya mji. Kipisi kimoja au viwili, mandhari tupu, mwanga wa ubavuni.

Studio kama hiyo unayo. Tafuta ghala, jiko la nje au bani la kukaushia tumbaku ambalo halitumiki, lenye mlango mmoja na ndani kuna giza. Omba ruhusa. Weka kitu hatua moja ndani ya kizingiti, juu ya kigoda au debe, mahali ambapo jua lenyewe halifiki lakini mwanga wa uani unafika. Simama pembeni ya mlango, si katikati, usije ukauziba mwanga unaoutafuta. Giza la nyuma litakuwa jeusi la kweli bila kitambaa chochote. Upande wa kivuli ukikoza mno, mwombe mtoto ashike kiroba cheupe cha unga mita moja kutoka kwenye kitu. Mwanga utarudi kidogo. Kiroba hicho hicho, kikitandikwa kwenye miti miwili kati ya jua na kitu, kinafanya kazi ya vifaa ambavyo mijini vinauzwa ghali.

Kwa vitu vidogo kuna ujanja wa zamani zaidi. Edward Weston alipopiga picha yake mashuhuri ya pilipili hoho, mwaka 1930, aliiweka hoho ndani ya faneli ya bati, na bati likaurudisha mwanga pande zote hadi hoho ikaonekana kama mwili wa mtu. Chukua karai kuukuu la alumini, liegemeze kidogo kuelekea kwenye mwanga, weka ndani yake koki iliyokufa, kichwa cha koroboi, betri iliyovimba. Utaona mwanga unazunguka na kuingia hata upande wa nyuma.

Vya kutafuta

Orodha ndefu haina maana. Kila ua una vyake. Nitavitaja vichache ambavyo vinaweza kukushughulisha mwaka mzima.

Jembe la mkono lililoisha ndilo la kwanza. Likinunuliwa dukani lina mabega mapana na makali ya mviringo. Misimu ikipita linapungua, na halipungui sawasawa: mara nyingi kona moja inaisha kuliko nyingine, kwa sababu mlimaji hupiga kwa mwelekeo wa mkono wake. Ukiyaweka majembe matatu ya nyumba moja kwa mpangilio wa umri, la mwisho limekuwa dogo kama kiganja, umekwisha kupiga picha ya shamba lote bila kufika shambani. Liweke bapa, mwanga wa saa moja asubuhi kutoka ubavuni, piga kutoka juu kabisa. Usisahau mpini, hasa sehemu ya mwisho ambako mkono wa nyuma unashika: mti umelainika pale, na kwenye picha ya nyeusi na nyeupe hung'aa kuliko chuma. Jembe katika nchi hii lina heshima yake. Kabla ya viwanda, majembe ya wahunzi wa kaskazini, wakiwemo Warongo, yalisafirishwa hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, yakauzwa, yakatolewa mahari.

La pili ni ngata. Wapagazi waliobeba kichwani mizigo ya kama kilo 30 kati ya hapa na Bagamoyo waliihitaji, na mama anayetoka kisimani leo anaihitaji. Iliyotupwa unaikuta kando ya njia ya kisima: kitambaa kilichosokotwa, au majani yaliyozungushwa, bado duara, katikati pakiwa na mbonyeo wa ndoo upande mmoja na wa kichwa upande wa pili. Wengi wataipita. Iache ilipo, piga magoti, shusha simu hadi iwe karibu na ardhi, na uache njia ionekane nyuma yake ikiwa haina ukali.

Kisha kuna katambuga. Tairi iliyokwenda na lori hadi ikaisha, mtu akaikata viatu, viatu vikaisha, mwingine akakata ukanda wake kuwa bawaba ya mlango wa banda la mbuzi. Tafuta hiyo bawaba. Kama kashata za tairi bado zinaonekana juu yake, pamoja na tundu la msumari wa kiatu na msumari wa mlango, una vyeo vitatu ndani ya sentimita kumi. Sijaona kitu kinachoieleza hoja yangu vizuri zaidi ya hiki. Lami ya Nzega, Puge na Tabora, kilomita zipatazo 115, ilizinduliwa mwaka 2017, na tangu hapo pembeni mwa barabara hakukosi vipande vya tairi. Hivyo vya barabarani havinivutii sana. Vimepasuka tu, havijaishi.

Rimu ya lori iliyotundikwa mtini kuwa kengele, ukiikuta shuleni au kanisani, ipige mahali inapogongwa tu. Pana doa lililong'aa, ukubwa wa sahani ya chai, na kutu imeizunguka pande zote. Mzinga wa nyuki wa gogo au wa gome ulioanguka mtini, miombo ikiwa imejaa nyuma, unavutia lakini ni mgumu, kwani kila kitu ni gome. Subiri mwanga uingie kwenye mdomo wa mzinga, na uhakikishe kwanza kwamba nyuki wamehama kweli.

Kuna kitu kimoja ambacho huenda mzee fulani anacho kwenye kibweta, na ambacho kwa haki yake ni chakavu kilichopanda cheo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga bahari, utawala wa Wajerumani uliishiwa sarafu. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli upande wa Tabora, wakaanza kugonga sarafu za heller 20 kwa shaba na shaba nyeupe iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga na chakavu kingine, zikiwa na taji upande mmoja na herufi T ya Tabora. Walitoa pia rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Za dhahabu ni adimu na zina bei kubwa. Za heller zilisambaa. Ukionyeshwa moja, iweke juu ya ngozi au ubao wa giza, fungua dirisha moja tu, na uizungushe sarafu taratibu badala ya kuzunguka wewe. Kuna pembe moja ambapo taji linainuka. Zilizogongwa kwa haraka hazikutoka sawasawa, na kasoro hizo ndizo za kuonyesha.

Kugeuza rangi kuwa kijivu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanagusa kitufe cha kuondoa rangi, picha inakuwa uji wa kijivu, wanaongeza ukali hadi inakuwa makaa, wanaridhika. Shida yao ni kwamba kutu na jani bichi, vinavyotofautiana kabisa kwa rangi, huweza kutoka na kijivu kile kile. Jembe lenye kutu kwenye majani linapotea. Dumu la bluu kwenye udongo mwekundu linapotea.

Livingstone anaingia hapa. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani, kwa kukatisha mistari iliyochapwa, akitumia wino alioutengeneza kwa mmea wa huko. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley akamkuta Ujiji, na Februari 1872 wakawa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe ambalo sasa ni makumbusho. Stanley akarudi pwani Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Wino wake ulififia na kurasa zikawa hazisomeki. Zaidi ya karne moja baadaye watafiti walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, kila rangi picha yake. Chini ya rangi fulani wino wa mmea ulijitenga na wino wa kiwanda, na mwaka 2011 shajara ikachapishwa ikisomeka. Maandishi yalikuwapo muda wote.

Wewe fanya hivyo kwa kiwango cha simu, na ndiyo maana nilikwambia uhifadhi picha ya rangi. Snapseed ni programu ya bure, na kifaa chake cha nyeusi na nyeupe kina vichujio vya rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani na bluu. Kichujio kinafanya rangi yake iwe nyepesi na rangi iliyo kinyume chake iwe nzito. Kutu chini ya chungwa inawaka, majani yanashuka, jembe linajitokeza. Dumu la bluu juu ya udongo mwekundu: chagua nyekundu, udongo unakuwa mweupe na dumu linakuwa karibu jeusi. Anga nayo, ikiwa imo kwenye fremu, inakoza kama ya saa za mvua. Beseni la kijani lililopasuka lijaribu kwa vichujio vyote vitano kabla ya kuamua, kwa sababu kijani cha plastiki si kijani cha jani, na programu haijui hivyo. Baada ya kuchagua, ongeza ukali kidogo tu. Kama ndani ya kivuli huoni tena umbile la kitu, umezidisha.

Kuhusu wenye vitu

Kitu kilicholala uani kina mwenyewe. Bisha hodi, mwamkie mzee shikamoo, na kama unaweza kusema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, sema; utaona uso unavyobadilika. Eleza unataka nini kabla hujatoa simu. Watu wengi hawatakuelewa mara ya kwanza, na watakuonyesha kitu kipya walichonunua, redio au kochi. Kipige picha hicho kwanza. Si hasara, na hutapata njia nyingine ya kufika kwenye lile jembe. Ukimaliza, kila kitu kirudi kilipokuwa, maana tairi ile ya paa ina kazi.

Usipige nyumba ya mtu kuonyesha umaskini, halafu ukaiita sanaa. Sheria niliyojiwekea ni rahisi: kama picha inahitaji ukuta uliobomoka au mtoto mchafu nyuma ili isikike, haijatosha, na nasogea karibu na kitu chenyewe hadi hivyo vitoke kwenye fremu. Picha za aina hiyo zinauzwa nje ya nchi kwa urahisi, najua. Sizipendi.

Vitu vya kale ni jambo jingine. Misafara ilifika Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini, ambayo John Hanning Speke aliifuata mwaka 1858 hadi akaliona Ziwa Viktoria. Misafara hiyo ilibeba ushanga, nyaya za shaba na nguo za merikani. Mvua ikikatiza udongo, chembe ya ushanga au kigae huweza kutokea. Kipige picha kikiwa pale pale, weka kando yake sarafu ya leo ili ukubwa ueleweke, na usikiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hata bila sheria, kigae kilichohamishwa hakimwelezi tena mtu yeyote njia ilipita wapi. Reli, vituo vya polisi na maeneo ya jeshi usivielekezee simu bila kibali, hata kama lundo la vyuma lililoko nyuma yake ni zuri kiasi gani.

Uchapishaji

Picha iliyobaki kwenye simu haijakamilika. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha nyingi za mji ule tunazozijua leo zipo kwa sababu zilichapishwa kwenye karatasi, zikawekwa. Huhitaji chumba cha giza. Nenda stesheneri yoyote ya Nzega au Tabora yenye mashine ya leza, omba karatasi nzito ya A4, na mwambie mhudumu achapishe kwa wino mweusi peke yake, si wa rangi; mashine ikichanganya rangi, kijivu chako kitatoka na uzambarau. Chapa moja kwanza, uiangalie nje juani. Karibu kila mara itakuwa nzito kuliko kwenye kioo, kwa hiyo rudi kwenye simu, inua mwangaza kidogo, chapa tena. Kama umepiga kitu kidogo, kichapishe kikubwa. Kizibo kijaze karatasi nzima. Majembe matatu yatoshe kwenye karatasi moja.

Nyuma, kwa penseli, andika kitu ni nini, kilitumika kwa nini na kwa nini tena, kijiji, mwezi na mwaka. Jina la mwenyewe liandikwe kama amekubali. Nakala moja mpelekee. Zako zihifadhi zikiwa bapa, kwa kuwa wino wa leza hupasuka karatasi ikikunjwa, ndani ya bahasha ya plastiki na juu ya kabati, si chini ya kitanda: mchwa wa Tabora hawachagui. Na ukizitundika, tumia pini au uzi na vibanio vya nguo. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri sana, lakini mende wataila, na watakula na pembe za picha.